Shahada ya Sayansi ya Kompyuta: Hesabu Yangu Baada ya Kumaliza Deni

Mwezi Machi 2025 nilikatwa kwa mara ya mwisho marejesho ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Kwa kuwa mdogo wangu, aliyemaliza kidato cha sita mwaka huu kwa mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), ananiuliza kila tunapozungumza kama na yeye asome sayansi ya kompyuta, nimeona niandike nilichokilipia na nilichokipata. Nilisoma shahada hiyo kuanzia mwaka 2016 hadi 2019 katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania.

Ada ilikuwa shilingi milioni 1.3 kwa mwaka, na mkopo ulibeba asilimia 60 ya ada hiyo. Asilimia 40 iliyobaki, pango la chumba nje ya chuo na kompyuta mpakato ya mtumba ya shilingi 750,000 vilimwangukia mzee wangu, ambaye hadi namaliza alikuwa ametoa karibu milioni 4. Kilicholikuza deni langu ni bumu, yaani fedha ya chakula na malazi, ambayo enzi zetu ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku. Ukijumlisha fedha ya vitabu na ya mafunzo kwa vitendo, nilitoka chuoni nikidaiwa milioni 10 na ushee, wakati ada ndani ya deni hilo haikufika hata milioni 2.5. Sehemu kubwa ya nilichokirejesha kwa karibu miaka mitano, kusema kweli, ni wali maharage.

Baada ya kuhitimu nilikaa mtaani mwaka mzima, miezi kadhaa kati ya hiyo nikijitolea katika ofisi iliyonipa nauli tu. Julai 2020 nikapata kazi katika kampuni ndogo ya mifumo jijini Dar es Salaam kwa mshahara wa shilingi 600,000. Asilimia 10 ilikwenda NSSF, kodi ikachukua chake, na Bodi ikakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kama sheria inavyotaka, hivyo mkononi ilifika kama 423,000. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, nami ni mmoja wa walionufaika, kwani kabla ya hapo nilikuwa nikilipa huku deni likijijaza upande wa pili.

Binamu yangu, tuliyemaliza naye kidato cha nne mwaka 2013, hakwenda kidato cha tano. Alisoma cheti kisha stashahada ya TEHAMA, na mwishoni mwa 2017 alikuwa tayari anafunga kamera za ulinzi na mifumo ya mauzo katika maduka ya Kariakoo. Nilipopokea mshahara wangu wa kwanza, yeye alikuwa na zaidi ya miaka miwili ya kipato, na hiyo ndiyo gharama ya shahada ambayo haiandikwi katika fomu yoyote ya chuo.

Kuhusu mafunzo yenyewe, sina budi kusema ukweli. Tulifanya mitihani ya kuandika programu za Java kwa kalamu kwenye karatasi, na ukisahau nukta mkato alama inaondoka, ilhali kompyuta ingekuonyesha kosa hilo papo hapo. Git, programu ya kutunza kila badiliko la msimbo, sikuifundishwa kabisa, wala namna ya kuunganisha mfumo na malipo ya simu; vyote hivyo nilijifunza usiku kwa bando langu mwenyewe, na ndivyo nilivyoulizwa kwenye usaili.

Hata hivyo, kuna siku nililiona somo la hifadhidata, yaani namna ya kupanga na kutafuta taarifa ndani ya mfumo, likilipa. Ripoti ya mwisho wa mwezi ilikuwa inachukua dakika 40, na wenzangu wakawa wanapendekeza inunuliwe seva kubwa zaidi. Nikaangalia jinsi jedwali la miamala linavyosomwa, nikagundua kwamba mfumo unapitia mstari mmoja mmoja kutoka mwanzo, nikaweka kwenye safu ya tarehe faharasa, yaani orodha iliyopangwa inayoupeleka mfumo moja kwa moja kwenye mistari unayoitafuta, na ripoti ikatoka kwa sekunde chache. Sikuwa mwerevu kuliko wao; nilikuwa nimechoreshwa tu mti wa faharasa ubaoni na mhadhiri mkali mwaka wa pili. Mwaka 2023 mshahara wangu ulifika milioni 1.8, na naamini siku ile ilichangia.

Binamu yangu naye amegonga dari. Nafasi ya Afisa TEHAMA Daraja la II serikalini inataka shahada, na ujuzi wake wa Kariakoo hauna pa kujazwa kwenye maombi. Sasa anasoma shahada jioni, akijilipia, akiwa na mke na mtoto.

Kati ya nyota tano ningeipa shahada hii tatu na nusu, ile nusu ikiwa ya mhadhiri wa hifadhidata. Mdogo wangu nimemwambia kwamba akipata mkopo wa asilimia 60 au zaidi aende, nami nitamnunulia kompyuta. Akikosa, aanze na stashahada na shahada aifuate akiwa na kipato, ila asisubiri kuoa kwanza kama binamu yetu.