Mashine ya CNC ya kukata chuma kwa plazma: miezi minane katika karakana ya pamoja

Sisi ni mafundi 14 tunaochangia kodi ya karakana moja Gerezani, Dar es Salaam, na kwa miaka mingi kila mmoja wetu alikata bamba la chuma kwa grenda au kwa gesi, kadiri mkono wake ulivyomwezesha. Mwaka jana tulichanga fedha tukanunua meza ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ya kukatia kwa plazma (hewa iliyopashwa joto kali kwa umeme hadi kuyeyusha chuma), na sasa imetimiza miezi minane ya kazi. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya vikundi vingine vinavyokusudia kununua mashine ya aina hiyo, kwa sababu sisi tulidhani tumenunua mashine moja, kumbe sehemu kubwa ya gharama na ya jasho ilikuwa bado inatusubiri katika hewa, umeme na namna ya kugawana matumizi.

Mzigo ulifika katika masanduku matatu: fremu, reli, mota, kisanduku cha udhibiti, na mashine ya plazma ya ampea 50. Fremu na reli sina neno nazo. Chuma chake ni kizito, reli zimenyooka, na baada ya kuisimika tulipima kutoka kona hadi kona tukakuta tofauti ya milimita 2 tu, ambayo tuliiondoa kwa kulegeza boliti na kuzikaza upya. Kosa la kuchagua ukubwa lilikuwa letu wenyewe. Tulichukua meza ya futi 4 kwa 4 ili kuokoa nafasi, ilhali madukani bamba huuzwa likiwa la futi 4 kwa 8, kwa hiyo kila bamba hulazimika kugawanywa vipande viwili kabla halijapanda mezani.

Shida ya kwanza kubwa ilitokana na namna tochi, yaani kifaa kinachotoa moto wa plazma, ilivyowashwa. Mashine ya plazma tuliyoletewa huanzisha moto wake kwa cheche ya umeme wa masafa ya juu, na cheche hiyo hutoa mawimbi yanayoingia katika kila waya uliopo karibu. Kila tulipobonyeza kuanza, skrini iliganda au mota zilipoteza hatua, na duara likatoka likiwa na umbo la yai. Tulipigilia nondo ya ethi (ya kupeleka umeme ardhini) ya mita 2.4 kando ya meza, tukabadilisha nyaya za mota kwa zile zenye ganda la waya wa kukinga, tukatenganisha njia ya kebo ya tochi na njia za nyaya nyingine. Tatizo lilipungua bila kwisha. Lilikwisha pale tulipoweka kando mashine ile na kununua nyingine ambayo tochi yake huwaka kwa elektrodi (kipande kinachopitisha umeme) kugusana na nozeli (mdomo mwembamba wa kutolea moto) ndani yake, kisha hewa kuzisukuma ziachane. Muuzaji alijua kwamba tunaiweka chini ya udhibiti wa kompyuta, na hakutueleza jambo hili. Ni upungufu ambao siwezi kuupitia kimya, kwa maana ulitugharimu wiki tano na fedha za mashine ya pili.

Shida ya pili ilikuwa hewa, na hapa ningeomba msomaji asiwe na haraka. Mashine ya plazma ya ampea 45 hivi inahitaji takriban lita 190 za hewa kwa dakika, tena kwa mfululizo. Kompresa yetu ya zamani ilikuwa imeandikwa kiasi kinachozidi hicho, lakini namba inayobandikwa kwenye kompresa nyingi ni ya hewa inayovutwa na pistoni, si ya hewa inayofika mwisho wa bomba ikiwa imeshindiliwa. Tofauti hiyo ni kubwa. Katikati ya mkato mrefu shinikizo lilishuka, moto ukazimika, na fundi wa rangi anayetumia kompresa hiyohiyo akalalamika kwa haki kabisa.

Tulipopata kompresa kubwa zaidi, nozeli zikaanza kufa baada ya saa moja au mbili za kazi. Mzee mmoja wa karakana, aliyewahi kufanya kazi ya kupulizia rangi, aliifungua nozeli iliyoungua, akaigeuzageuza kiganjani, akaniambia: “Mwanangu, hapa mnailisha maji.” Hewa ya pwani hubeba unyevu mwingi, nao ukishindiliwa na kupoa hugeuka maji ndani ya bomba. Alituelekeza tupitishe bomba la chuma ukutani kwa urefu wa mita 18, likiinama kidogo kuelekea valvu ya kumwagia maji, kisha hewa ipite kwenye chujio na kopo la silika, yaani chembe zinazofyonza unyevu, kabla ya kufika kwenye mashine. Tangu hapo nozeli moja hutupatia kazi ya siku kadhaa. Atakayefuata njia hii asitumie bomba la plastiki la maji, kwani likipasuka chini ya shinikizo hutawanyika vipande vyenye ncha kali.

Upande wa programu tumeridhika sana. Kisanduku kilikuja na programu yake ambayo hatukuielewa vizuri, tukaiacha na kuhamia LinuxCNC, ambayo ni ya bure na ina sehemu iliyotengenezwa mahususi kwa plazma. Michoro tunaitengeneza kwa programu za kuchorea, Inkscape au FreeCAD. Maelekezo ya hatua za mwanzo tumeyaandika kwa Kiswahili na kuyabandika ukutani, na vijana wawili ambao hawakuwahi kugusa kompyuta sasa wanakata wenyewe.

Kinachonifurahisha zaidi ni udhibiti wa urefu wa tochi. Bamba likipata joto hujikunja, na tochi isiyofuata mikunjo hiyo huligonga au huenda mbali mno. Mashine husoma volti za moto wa plazma, ambazo hupanda tochi inapoinuka na kushuka inapokaribia, kisha huisogeza yenyewe. Kwa bamba la milimita 3 tunatoboa tochi ikiwa juu kwa milimita 3.8, kisha tunashuka hadi milimita 1.5 kwa kukata. Mkato hutoka safi, ingawa upande wa kulia wa mwendo wa tochi hunyooka kuliko wa kushoto kwa sababu hewa huzunguka inapotoka. Ndiyo maana mzingo wa nje tunaukata kwa kufuata mwelekeo wa saa, na matundu ya ndani kinyume chake. Matundu madogo kuliko unene wa bamba tumeacha kuyakata, tunayatoboa kwa drili.

Jambo lililokaribia kututenganisha ni malipo. Mwanzoni tulitoza kwa saa. Mwenzetu anayetengeneza mageti ya maua hutoboa mara mia tatu katika bamba moja, na mwingine anayekata vitako vya nguzo hutoboa mara ishirini kwa muda uleule. Kinachoichakaza nozeli na elektrodi hasa ni kutoboa, si urefu wa mkato, kwa hiyo huyu wa pili alikuwa akimlipia mwenzake bila kujua. Tulipogundua hilo tulibadilisha: kila mtu hulipa kwa idadi ya matobo, ambayo kompyuta huihesabu, na kwa dakika za moto kuwaka ili kufidia umeme wa Luku. Elektrodi hukaguliwa mbele ya anayekabidhi na anayepokea, na kishimo cha katikati kikizidi kina cha milimita moja na nusu hivi hubadilishwa pamoja na nozeli yake. Ugomvi umekwisha.

Kuhusu usalama tuna makatazo mawili yasiyo na mjadala. Mabati na chuma chochote chenye zinki hakipandi mezani, kwa kuwa moshi wake huleta homa na kifua kubana, na karakana yetu ina majirani wanaouza chakula. Alumini pia hapana, kwa sababu chini ya meza kuna beseni la maji la kunasa vumbi, na chembe za alumini zikiwa majini hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka.

Kwa kikundi chenye kazi nyingi za bamba la kati ya milimita 2 na 10, ninaipendekeza meza hii bila kusita, kwa sharti la kununua fremu na kisanduku pekee, na kutafuta mashine ya plazma kwa muuzaji atakayekubali kuandika katika risiti kwamba tochi yake haiwashwi kwa masafa ya juu.