Fundi wa hom thieta Mtwara, kazi safi
Jamani huyu fundi wa hapa Mtwara mjini nampa nyota tano. Kaja kwangu Shangani, kitu cha kwanza kachomoa kila kitu kwenye soketi ndo akagusa waya, mi nilizoea kuunga umeme ukiwa unawaka na amplifaya ya kwanza ikaungua. Akanionesha, nyuzi mbili tatu za shaba zimechomoza nyuma ya spika, plasi inagusa mainasi, hiyo shoti tayari. Kazisokota taratibu mpaka zikakaza. Spika zangu omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), amplifaya imeandikwa isishuke chini ya omu 8, akagoma kabisa kuunga maana itachemka, nilinuna ila alikuwa sahihi. Alichelewa masaa mawili, hilo ajirekebishe. Waya zote kazibana ukutani, watoto hawajikwai.