PS2 ile kubwa niliyonunua Kilombero, nimekaa nayo miezi miwili sasa

Wadau nimechelewa kuandika hii kwa sababu nilitaka nikae nayo kwanza. Ni PS2, yani PlayStation 2, mashine ya kuchezea gemu ya Sony, ile kubwa nyeusi inayolala kama deki, sio ile nyembamba. Nimeichukua laki moja na ishirini kwa fundi mmoja maeneo ya soko la Kilombero hapa Arusha, ana kimeza chake kimejaa redio na pasi za watu, mashine yenyewe ilikua chini ya meza kwenye mfuko wa rambo. Nimepewa na pedi mbili za kuchezea, memori kadi moja ya MB 8 ya kuhifadhia gemu ulipofikia, waya wa umeme na zile waya za njano, nyeupe na nyekundu. Machalii wengi wa Chuga tumekulia kwenye hii mashine, kwenye vibanda vya Kaloleni na Ngarenaro, unalipa mia mbili gemu moja, aliyefungwa anatoka mshindi anabaki, afu miaka yote ile hatukujua tumeshika kitu gani mkononi. Mimi mengi nimeyajua sasa hivi ikiwa mezani kwangu.

Kitu cha kwanza kabla hujatoa hela, igeuze usome karatasi ya nyuma. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu mwaka juzi nilinunua nyingine kwa mtu akaniapia imetoka nje, safi, haijaguswa, nikapanda kifodi (daladala) mpaka Sakina nimeipakata kama mtoto, nimefika nimechomeka ikapiga paa! harufu ya kuungua sebule nzima, mama akatoka jikoni anakimbia. Kumbe ilikua ya Japani, ya volti 100, na umeme wetu ni 230. Kwenye hiyo karatasi kuna namba inaanza na SCPH, we angalia tarakimu ya mwisho. Ikiishia na 0 ni ya Japani, 1 ni ya Marekani na hiyo inakula volti 120, 3 ni ya Uingereza, 4 ni ya nchi nyingine za Ulaya, na hizi za 3 na 4 unachomeka ukutani bila wasiwasi. Yangu ni SCPH-39004. Fundi wala hakuleta maneno, alinipa tochi ya simu akasema "soma mwenyewe kaka, mimi siuzi mbuzi kwenye gunia", na hapo ndo nilijua huyu nanunua kwake.

Sasa tuje kwenye utamu. Kwenye kitrei cha CD kuna ile nembo ndogo ya rangi ya PS, nimeishi nikijua ni urembo. Ukiishika kwa kucha inazunguka! Waliiweka hivyo makusudi, ukiilaza mashine nembo inakaa sawa, ukiisimamisha unaizungusha inakaa sawa tena. Nimekaa nazungusha kale kanembo kama dakika tano nzima, nafikiria mtu aliyekaa mezani huko Japani akaona hapana, hiki nacho lazima kikae vizuri.

Ila lililonimaliza kabisa ni ile minara ya mwanzo. Mnakumbuka ukiwasha, kabla ya maandishi, unapita juu ya kama mji wa giza wenye nguzo nguzo na ule mlio wa kuvuma? Wote tulidhani ni pambo. Zile nguzo ni gemu zako mwenyewe. Memori kadi inaweka historia ya gemu ulizocheza, kila gemu ina mnara wake, na kadri unavyoiwasha mara nyingi mnara unarefuka. Ukichomoa memori kadi unawasha unakuta uwanja mtupu hauna nguzo hata moja, nimejaribu mwenyewe ikabidi nimuite mpwa wangu aje aone. Na historia hiyo inakaa kwenye faili linaloitwa Your System Configuration, lile lile ambalo tulikua tunalifuta kila siku kibandani ili tupate nafasi ya kusevu ligi ya Winning (Winning Eleven, gemu ya mpira). Yani tulikua tunabomoa mji wetu wenyewe na tukiwasha tena hatushtuki.

Pedi nazo. Vitufe vya pedi orijino ya PS2 vinajua umebonyeza kwa nguvu kiasi gani, sio kile kijiti tu, hapana, mpaka X na mraba. Nimeijaribu kwa Gran Turismo 3 ya 2001, ukigusa X kidogo gari inaenda polepole kama inatoka geti, ukikandamiza ndo inachomoka. Nikachukua pedi ya pili, ambayo ni kopi, nikagusa vile vile taratibu, gari ikaondoka mazima. Kwa hiyo wale tuliokua tunabonyeza kwa hasira mpaka kitufe kinazama hatukuwa tunajisumbua bure, kwenye baadhi ya gemu mashine ilikua inasikia kweli. Mkipata pedi orijino msiziuze.

Na zile alama nne za vitufe vya pedi alizichora Teiyu Goto, ndo huyo huyo aliyechora umbo la mashine. Duara ni ndiyo na X ni hapana, Wajapani wanavyotumia shuleni kuweka pata na kosa, pembetatu inawakilisha kichwa, yani upande unaoangalia, na mraba ni karatasi. Hapa nikakumbuka Winning za Kijapani tulizocheza, maandishi yote hatuyaelewi, na kukubali unabonyeza duara wakati kwenye gemu za Kizungu unabonyeza X, wengine mnakumbuka mtu anatoka kwenye gemu katikati ya mechi kwa kuchanganya hizo mbili na ugomvi unaanza.

Kwa ndani ni mashine ya ajabu kwa umri wake. Imetoka Japani tarehe 4 Machi 2000, ina memori ya MB 32 tu na prosesa ya kama megahezi 295, simu ya kitochi ya leo inakaribia huko, lakini ndo imebeba gemu kubwa kama GTA San Andreas nzima. Chipu ya PlayStation ya kwanza nayo imo humo humo, ukiweka CD ya zamani inaamka na kuicheza, ukiweka gemu ya PS2 haikai bure, inahamia kushughulika na pedi na memori kadi. Naipenda sana hiyo akili ya kutokutupa mzee, unampa kazi nyingine. Na msicheke, mwaka 2000 serikali ya Japani iliiwekea masharti ya kuisafirisha nje kwa hofu kwamba uwezo wake wa kuchakata picha unaweza kutumika kuongoza makombora. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Illinois Marekani waliunganisha PS2 kama 70 hivi wakatengeneza kompyuta kubwa ya mahesabu ya kisayansi. Ulaya nako Sony waliweka kwenye diski ya maonyesho programu ya kutengenezea programu zako mwenyewe inaitwa YABASIC, na walipambana na watu wa forodha kwamba hii ihesabiwe ni kompyuta, kwa sababu ya ushuru. Mashine hiyo hiyo sisi tulikua tunaipulizia vumbi kwa mdomo.

Mabaya yake nayasema pia. Feni inapiga kelele, usiku nyumba ikitulia unaisikia mpaka chumba cha pili. Lenzi ndo ugonjwa wake mkubwa, yangu inasoma CD vizuri ila DVD zenye mikwaruzo inahangaika, fundi aliisafisha bure wiki ya pili niliporudi, hakunidai hata mia. Ukitaka kucheza gemu kutoka kwenye flashi badala ya CD inawezekana ila USB yake ni ya zamani sana, spidi ndogo, ndo maana zile video za katikati ya gemu zinakatakata, sio kwamba flashi yako mbovu. Hii kubwa ina faida moja ambayo nyembamba haina, nyuma kuna nafasi ya kuweka hadi hard disk ya kompyuta, unahitaji na kifaa chake cha kuunganishia, na ukishaweka hapo mkatiko unaisha. Nimeanza kukitafuta. TV zetu bapa nazo picha inatoka na ukungu kidogo, mimi nimerudisha ile TV ya mgongo iliyokua stoo na hapo ndo imerudi kama enzi zile.

Kuhusu gemu msiogope, ziko. Sony walitangaza kuacha kuitengeneza Januari 2013 wakiwa wameshauza zaidi ya milioni 155, lakini PES 2014, gemu ya mpira, ilikuja kutoka kwa PS2 Novemba mwaka huo, yani mashine imeshaacha kutengenezwa mpira bado unatoka. Mpwa wangu ana miaka 11, amezoea simu, siku ya kwanza aliniuliza "anko, inaupdate saa ngapi?" Nikamwambia hii ukiweka CD unacheza. Sasa hivi akitoka shule anakuja moja kwa moja, na mnara wa PES umeshaipita mingine yote, kila akiwasha ananionyesha kwa kidole.

Kwa laki na ishirini mimi nimeridhika, kama nayo ingekua laki na nusu bado ningeichukua. Fundi ana nyingine mbili. Moja ni ya 4 kama yangu, imechubuka mfuniko tu. Ya pili inang'aa kama mpya ila nimeigeuza inaishia na 0, hiyo kama huna transfoma ya kushusha umeme iache hapo hapo.