FilmFreeway kwa watengeneza dokumentari wa Dodoma: mlango inafungua, tuzo haikuchagulii

Mwenye dokumentari kuhusu ngoma za Chamwino au michoro ya miambani ya Kondoa, akitaka kuipeleka kwenye matamasha ya nje yanayotuza filamu za tamaduni, mara nyingi atajikuta FilmFreeway, mtandao wa kutuma filamu kwenye matamasha. Mshindani wake wa zamani, Withoutabox, alifungwa mwaka 2019. Kama chombo cha kutuma filamu, FilmFreeway tunaisifu: ni rahisi na haichanganyi. Kama mwongozo wa tuzo ipi ina uzito, usiitegemee hata kidogo.

Kufungua akaunti na kuweka filamu ni bure. Unajaza muhtasari, urefu, lugha, mwaka wa kukamilika, picha chache na bango, kisha unachagua tamasha. Ada hupangwa na tamasha lenyewe, na mtandao hukata sehemu yake humo humo. Karibu kila tamasha lina tarehe tatu au nne za mwisho, na kila inayopita ada hupanda, kwa hiyo anayesubiri wiki ya mwisho analipia uvivu wake. Ada kwa kawaida hairudi filamu isipochaguliwa. Kabla ya kulipa, waandikie waandaaji barua pepe fupi ukiomba msamaha wa ada. Wakikubali watakupa namba ya siri ya kuingiza wakati wa kulipa. Watengenezaji wengi wa kwetu hawaombi, na hapo ndipo hela inapopotea.

Faili la kupakia lisikutoe jasho. Filamu ya dakika 52, ikitolewa kwa H.264 (mbano wa kawaida wa video) ya 1080p na megabiti 8 kwa sekunde, inafika takriban GB 3.1. Ukiitoa kwa megabiti 25 inakaribia GB 10, bando linaisha, na jaji anayeitazama kwenye kompyuta mpakato hataona tofauti ya maana. Ukitumia kiungo cha Vimeo, mtandao wa kuhifadhi video, chenye nywila, usiibadilishe nywila hiyo hadi matokeo yatoke. Jaji akikuta mlango umefungwa, anahamia filamu inayofuata.

Sasa tuzo zenyewe. Humo ndani yamejaa matamasha ya kila mwezi yasiyo na ukumbi wala watazamaji, yenye vipengele vingi mno na washindi wengi kuliko filamu utakazoweza kukumbuka. Unalipa, unapata yale majani mawili, nembo ya ushindi, ya kubandika kwenye bango, na biashara imeisha. Kuyatambua si kazi: tafuta majina ya majaji, ukumbi wa maonyesho na ratiba ya mwaka uliopita. Vikikosekana viwili kati ya hivyo, funga ukurasa.

Kwa filamu za utamaduni, anza na wanaojua wanachokitazama. Tamasha la Jean Rouch la Paris lipo tangu 1982 na tuzo yake kuu ni Nanook-Jean Rouch. Lile la Royal Anthropological Institute la Uingereza, lililoanza 1985, lina tuzo mahsusi ya utamaduni usioshikika (kama muziki na ngoma), na filamu ya muziki wa Wagogo inakaa humo vizuri kuliko kwenye kipengele cha jumla cha dokumentari bora. Göttingen, Ujerumani, wana tuzo ya wanafunzi. Wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, waliangalie hilo. Karibu na nyumbani kuna ZIFF ya Zanzibar, iliyoanzishwa 1997, inayotoa Jahazi la Dhahabu. Soma masharti ya kila moja kuhusu mwaka wa kukamilika na onyesho la kwanza kabla hujaimwaga filamu nzima YouTube. Ukishaimwaga, hairudi.

Filamu za huku huangushwa zaidi na sauti kuliko picha. Upepo wa Dodoma unahitaji kifuniko cha manyoya kwenye maikrofoni. Sponji peke yake haitoshi. Muheme, ngoma ya Wagogo, hupigwa kwa nguvu, kwa hiyo weka vilele vya sauti karibu na -12 dB kwenye kipimo cha kinasa sauti, la sivyo sauti itapasuka na hakuna mhariri atakayeirudisha. Kosa baya zaidi hufanyika kwenye kompyuta: programu ya kuondoa kelele hufuta mvumo wa ilimba, ala ya Wagogo ya kupigwa kwa vidole gumba. Ule mvumo si kelele. Hutengenezwa makusudi kwa utando wa buibui unaofunika matundu ya chombo, na jaji anayeufahamu muziki wa Afrika atashangaa kusikia ilimba safi kama kinanda.

Halafu tafsiri. Kuandika “wimbo wa Kigogo” chini ya skrini huku mwimbaji akisema maneno mazito ni kuitupa nusu ya filamu. Tafsiri mstari wa kiongozi. Kiitikio kikijirudia, kitafsiri mara moja tu. Usizidishe mistari miwili kwa pamoja, herufi kama 40 kila mmoja, na herufi nyeupe zipewe ukingo mweusi, maana vumbi na jua la Dodoma huzimeza. Tunga faili la SRT (la maandishi ya tafsiri peke yake) mbali na picha, ili tamasha likitaka Kifaransa usilazimike kuitoa filamu upya.

Ridhaa za waliorekodiwa ziandaliwe mapema, kwa Kiswahili. Kwa mzee asiyesoma, mrekodi akikubali kwa sauti. Penye jando, yasiyotakiwa kuonekana yasirekodiwe kabisa.

Ukichaguliwa, ukumbi unaweza kuomba DCP, yaani faili za filamu za kuonyeshwa kwenye projekta ya sinema. Programu ya DCP-o-matic huitengeneza bure, lakini anza siku kadhaa kabla, maana kompyuta ya kawaida itachukua saa nyingi. Ikiwa ulirekodi kwa fremu 25 kwa sekunde, uliza kama projekta yao inazikubali. DCP ya kizamani aina ya Interop hutaka 24, na kuibadilisha filamu dakika za mwisho hupunguza kasi ya ngoma na kushusha sauti yake kidogo, jambo ambalo wachezaji wenyewe watakuwa wa kwanza kulisikia.