Programu ya kuchorea na kukatia kwa mashine ndogo ya CNC: ipi uanze nayo

Anayenunua mashine ndogo ya CNC, yaani ya kuchonga ikiongozwa na kompyuta, kwa mara ya kwanza hupima kila kitu: upana wa meza, nguvu ya mota, unene wa reli. Programu huiacha mpaka mwisho, kisha akachukua ile ya kwanza aliyoisikia ikisifiwa. Matokeo yake mashine hufunikwa kitambaa wiki nzima. Mchoro upo kwenye kompyuta, ubao umebanwa mezani, na katikati yao hakuna kinachopita. Mimi naamini pesa ya programu inunue hicho cha katikati.

Kazi zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni kuchora umbo, yaani CAD. Ya pili, CAM, ni kuamua biti, yaani kisu kinachozunguka na kukata, ipite wapi, ishuke kina gani kila inapopita, na isogee kwa kasi gani. Ya tatu ni kuutuma msimbo wa G, yaani amri za mwendo, kwenye mashine, na kwa mashine zenye kidhibiti cha GRBL (programu ya bure inayoendesha mota za mashine nyingi ndogo), Universal Gcode Sender huifanya bure. Kuchora si tatizo kubwa; hata mtoto hukaa na Tinkercad jioni moja akatoka na umbo. Ila Tinkercad haipangi njia ya biti. Wengi hukwama kwenye kazi ya pili, kwa hiyo ndiyo niliyoitazama zaidi katika kupanga orodha hii.

Chukua biti ya 3.175 mm, ambayo ni saizi ya kawaida kwenye mashine ndogo. Biti ni duara, haiwezi kuchonga pembe kali ya ndani. Huacha mviringo wenye nusu kipenyo cha karibu 1.6 mm. Programu inayomfaa anayeanza humwonyesha jambo hilo kwenye skrini kabla ubao haujaguswa. Isipomwonyesha, ataligundua pale ulimi wa mraba utakapogoma kuingia kwenye tundu lake.

1. VCarve Desktop

Kwa anayetaka kuchonga mbao, hasa vibao vya majina, trei, masanduku na mapambo, hii naiweka juu ya zote. Inatengenezwa na Vectric, unailipia mara moja, na masasisho ni bure kwa mwaka mmoja. Ukiacha kulipia baadaye, toleo ulilonunua linabaki lako.

Uzuri wake ni kwamba kuchora na kupanga njia viko kwenye dirisha moja, na onyesho la kazi iliyokatwa ni wazi kiasi kwamba makosa hujitokeza yenyewe. Halafu kuna uchongaji wa herufi kwa biti yenye ncha ya V. Programu hushusha biti pale mkono wa herufi unaponenepa na kuipandisha unapokonda, hivyo pembe hutoka kali, ile ile kazi ambayo biti ya kawaida haiwezi. Mtu akiona kibao chake cha kwanza cha aina hiyo, hamu ya kuendelea humjia yenyewe.

Mipaka ipo. Kazi moja haizidi 635 mm kwa 635 mm, jambo lisilomgusa mwenye mashine ya 3018, ambayo meza yake hukata takriban 300 mm kwa 180 mm. Mwenye meza kubwa atatazama toleo la Pro. Pia imeundwa kwa Windows tu. Na kama unachotaka ni gia, vishikilio vya mota au sehemu za alumini zinazofungana kwa skrubu, usiinunue. Shuka hadi namba mbili.

2. Fusion ya Autodesk, leseni ya matumizi binafsi

Hii ndiyo ya wanaotengeneza sehemu za mitambo. Vipimo vyake hutegemeana: ukiandika unene wa plaiwudi 12 mm, halafu ukaipima na kuikuta 11.6 mm, unabadilisha namba moja na viungio vyote vinafuata. Nadhani hakuna kinachookoa mbao nyingi kuliko hilo.

Leseni ya bure ni kwa asiyefanya biashara nayo. Kikomo cha mapato ni chini ya dola 1,000 za Marekani kwa mwaka. Unaweza kuwa na faili kumi tu zilizo wazi kwa kuhaririwa kwa wakati mmoja. Tangu 2020 leseni hiyo haitoi tena mwendo wa haraka wa G0, kwa hiyo biti husafiri hewani kwa kasi ile ile inayokatia. Kwa kipande kimoja hutaona tofauti kubwa, lakini ubao wenye matundu themanini utakuweka mezani muda mrefu. Kujifunza kwake kunadai wiki kadhaa, na asiye na subira hiyo ataichukia kabla haijamfaa. Haina toleo la Linux.

3. Easel

Kama mashine imefika jana na unataka kukata leo, fungua Easel. Hufanya kazi ndani ya kivinjari: kushoto unachora, kulia unaona kitakachotoka. Ilitengenezwa na Inventables, lakini hukubali mashine nyingi za GRBL. Udhaifu wake ni kuhitaji intaneti, na vingi vizuri vimewekwa kwenye toleo la kulipia kila mwezi. Mimi huishauri kama darasa la kwanza. Malipo ya kila mwezi kwa mashine inayowashwa mara mbili kwa mwezi ni mzigo usio na sababu.

4. FreeCAD

Bure kabisa, bila masharti ya biashara, na huendeshwa kwenye Windows, Mac na Linux. Toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024, zaidi ya miaka ishirini tangu programu ianze, na lilipunguza sana kero ya zamani ya mchoro kuvunjika ukibadilisha hatua ya mwanzo. Sehemu yake ya CAM hutoa msimbo wa vidhibiti vya GRBL, LinuxCNC na Mach3. Naiweka ya nne kwa sababu moja tu: inataka mtu anayejua tayari anachokitafuta. Kwa mtumiaji wa Linux, ndiyo ya kwanza.

Mbili nyingine kwa ufupi. Mwenye mashine ya Shapeoko aanze na Carbide Create, kwani imetengenezwa na waliotengeneza mashine hiyo. Estlcam ni nyepesi na husoma faili za michoro za DXF na SVG vizuri. Wenye kompyuta dhaifu ya Windows waijaribu.

Kabla ya kulipa, hakikisha kuna posti ya kidhibiti chako, yaani kile kipande kinachogeuza njia ya biti kuwa lugha ya mashine yako. GRBL ya kawaida haiijui amri ya M6 ya kubadilisha biti, na posti isiyofaa itakusimamishia kazi katikati. Angalia pia vipimo: G21 ni milimita, G20 ni inchi. Mchoro wa DXF uliosomwa kwa kipimo kisicho chake hutoka umekuzwa au umepunguzwa mara 25.4.

Kisha jaribu. Chora kipande kidogo chenye mfuko (shimo lisilotoboa upande wa pili) wa mraba wa 40 mm, matundu mawili na herufi moja, ukikate kwenye povu gumu, upime kwa kalipa. Toleo la majaribio la VCarve halihifadhi njia za mchoro wako mwenyewe, kwa hiyo hapo tazama onyesho kwenye skrini, halafu kata mojawapo ya kazi za mfano zilizokuja nalo ili ujue kama mashine na posti vinaelewana.