Jeli ya kubandua vanishi: inafaa kwa fidla?

Asalaam alaykum, habari zenu nyote. Tuko Bagamoyo, uani, upepo wa bahari unapita vizuri, na huo upepo leo ni sehemu ya kazi. Mkononi nina jeli ya kubandua vanishi, ile yenye kemikali iitwayo alkoholi ya benzili. Kwa fidla inafaa, ila usifuate kila kilichoandikwa kwenye kopo.

Fidla hii ni ya kiwandani. Ndani ina karatasi ya Stradivarius, lakini msishtuke: Stradivari, fundi maarufu wa fidla wa Italia, alifariki mwaka 1737, na viwanda vya Ujerumani vilibandika jina lake kwenye nakala chungu nzima. Tena mtu kaipaka vanishi ya milango, nzito, imeziba sauti. Ndiyo maana naibandua. Fidla kongwe yenye vanishi yake ya asili usiiguse kabla fundi wa fidla hajaiona, maana vanishi ile ni sehemu ya thamani yake.

Kwanza nimejaribu spiriti kidogo kwenye pamba, mahali pasipoonekana. Pamba ikishika rangi, hiyo ni shelaki au vanishi nyingine ya spiriti. Hii, tazameni, imetoka nyeupe. Basi jeli.

Nyuzi nimetoa, matundu nimeyaziba kwa kitambaa. Napaka tabaka nene eneo dogo dogo, nakwepa maungio. Halafu subira, maana hii dawa haina haraka. Sogeeni muone: vanishi inajikunja kama utando wa maziwa! Nakwangua kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa, nikifuata mkondo wa mbao. Chuma hapana. Uso wa fidla ni sprusi, mbao laini, unene wake milimita 3 hivi tu. Msasa wa mashine ndio kabisa usiuthubutu, kwa sababu ukishaila mbao umeharibu sauti, na mbao hairudi.

Sasa hapa ndipo nagombana na kopo. Linasema suuza kwa maji. Jamani, fidla imeungwa kwa gundi inayotengenezwa kwa ngozi ya wanyama, na gundi hiyo hulainika kwa maji! Mimi nafuta kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo. Spiriti nayo usiiache ichuruzike kwenye maungio, huikausha gundi mpaka inaachia.

Dawa kali zenye methilini kloridi hubandua kwa dakika chache, lakini mvuke wake umeua watu waliofanya kazi ndani ya vyumba visivyo na hewa. Marekani ilizuia mwaka 2019 zisiuzwe kwa matumizi ya nyumbani. Jeli hii haina kemikali hiyo, hata hivyo vaa glovu na miwani, na ufanyie nje.

Kasoro yake ni kichwani mwa fidla, kwenye ule mzunguko uliochongwa. Inanasa mikunjoni, itabidi mswaki laini na uvumilivu. Pia unyevu wa pwani huchelewesha mbao kukauka, kwa hiyo vanishi mpya isubiri.

Kwa vanishi ya milango, nainunua tena bila kusita. Ila kama pamba yako ilishika rangi, okoa hela yako, spiriti inatosha.