Koaksio ya zamani ukutani (waya wa duara kama ule wa TV): uitumie kwa netiweki au uvute Cat6, waya wa netiweki wa kisasa?
Soma kwanza maandishi kwenye ganda la waya. RG-58 yenye konekta za BNC ni ya ohm 50, ya netiweki za kizamani za 10BASE2, Mbps 10 tu na ikikatika sehemu moja netiweki yote inalala, hiyo waachie watu wa redio. Ila RG-6 ya TV, ohm 75, hiyo ni mali! Unafunga adapta za MoCA 2.5 (zinazopitisha netiweki kwenye waya wa TV) huku na huku unapata mpaka Gbps 2.5 bila kutoboa ukuta, shida adapta ni ghali, zinakula umeme muda wote, na kama waya huohuo unatoka kwenye dishi usichanganye, masafa ya mawimbi ya dishi na ya MoCA yanagongana.

Cat6 waya wenyewe bei poa, Gbps 1 hadi mita 100, inapeleka na umeme wa kamera, matunzo karibu hamna, kazi iko kwenye kuivuta. Umepanga nyumba ya zege, RG-6 inatosha kabisa. Unajenga, vuta Cat6 kabla ya plasta.